Chumba Kilichoshuka Bei Mara Mbili

Mimi ni mtu wa kubishana bei. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia kuliko ninavyostahili. Nabishana na muuza nyanya, nabishana na dereva wa bodaboda, na hata wateja wangu wa cherehani nikiwatajia bei huwa nasubiri wabishe, wasipobisha nasikitika. Tabia hii nimeitoa kwa mama. Mama aliuza samaki mwaloni Kibara, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, tangu sijazaliwa, na namna yake ya kupunguza bei ilikuwa kunyamaza. Alimwinua sato kwa mkia, akamtazama mvuvi, hasemi neno, mpaka mvuvi mwenyewe anaanza kushusha. Mimi sikujaliwa kunyamaza, kwa hiyo napunguza kwa mdomo.

Nimelipa bei niliyotajiwa bila kubisha mara moja tu maishani, na ilikuwa kodi ya chumba.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Manyamanyama, pale Bunda: chumba kimoja cha kulala na fremu ndogo mbele yake, ambamo nilishona sare za shule. Choo kilikuwa uani na tulikitumia vyumba sita. Mama alikuwa Kibara, kwenye mji wa marehemu baba, peke yake na kuku wake. Miguu yake ilianza kuvimba wakati wa masika, na yeye akasema ni baridi ya ziwani. Ilipofika mahali viatu havimwingii na usiku analala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, nilimfuata nikampeleka Musoma hospitalini. Daktari alisema moyo umepanuka. Alisema dawa zipo, ila mgonjwa aonekane kliniki kila wiki, na kwa hali yake asiwe mbali.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta chumba. Nilikuwa nimepanga zaidi ya miaka ishirini na nilidhani najua kila kitu kuhusu kupanga, kumbe nilikuwa najua kupanga kwa mtu mzima wa afya. Mama asingeweza kutembea mpaka choo cha uani. Asingeweza kuchuchumaa. Alihitaji chumba cha chini, choo cha ndani cha kukaa, na hospitali karibu. Ukitaja mambo hayo matatu, bei inapanda kabla hujamaliza sentensi.

Zamani mtu wa kwetu alijenga nyumba ya familia yake, na chumba kikibaki ndiyo akampa mpangaji. Mpangaji alikuwa karibu mtoto wa nyumbani, anatumwa dukani, anaitwa kula. Siku hizi mtu anapata kiwanja, anaanza na vyumba vya kupangisha, vitano au sita kwa mstari, halafu yeye mwenyewe amepanga kwingine. Neno apatimenti limefika mpaka Manyamanyama. Ukienda kuiona, ni chumba, sebule, jiko la kusimama mtu mmoja, choo ndani na vigae vinavyoteleza. Kila mlango una mita yake ya umeme. Kodi ni ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Nilienda Butiama kwa sababu niliambiwa kumejengwa vyumba vingi vizuri tangu habari za chuo zianze, na kutoka pale mpaka hospitali ya Musoma gari si shida. Ni kweli vilikuwepo. Nilioneshwa kimoja chenye dirisha kubwa na hewa safi ya mlimani, nikaanza kubishana kodi kwa furaha. Mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, aliniuliza nitaishi na nani. Nikamwambia na mama yangu, anaumwa moyo. Akafunga kitasa.

"Dada, mimi napangisha wanafunzi," alisema. "Mwanafunzi akiumwa anarudishwaga kwao. Mzee akiumwa anabakiaga hapa hapa."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Njiani kurudi niliteremka Kiabakari kujaribu bahati, nikakuta wachimbaji wadogo wamepata dhahabu upande fulani na vyumba vyote vimejaa. Wao hulipa bei yoyote na hawakai mwezi. Mama mmoja wa pale aliniambia kwamba hata banda lake la mbuzi limeulizwa. Sikujua kama anatania.

Ikabaki Musoma mjini. Dalali niliyempata alikuwa mwanaume wa makamo mwenye pikipiki na kofia ya jua, mpole kuliko madalali wengine, na kwa siku kadhaa alinizungusha Nyasho, Nyakato mpaka Bweri. Tulifunguliwa mageti mengi. Kila mahali maswali yalikuwa yale yale: unafanya kazi gani, una watoto wangapi, mko wangapi. Nilipotaja mgonjwa, chumba kilikuwa kimeshachukuliwa jana yake. Siku ya tano dalali alisimamisha pikipiki kabla hatujafika kwenye geti, akageuka.

"Dada, sikiliza. Usiseme mgonjwa. Sema una mgeni, anakuja wiki mbili. Mgeni hakatazwi."

"Wanaogopa nini? Moyo hauambukizi."

"Hawaogopi ugonjwa. Wanaogopa msiba." Alivua kofia akajifuta jasho. "Mzee akifia hapa, ndugu wanajaa siku nne, tano. Maji yanaisha, wapangaji wengine wanahama, na chumba kinakaa wazi. Chumba kizuri kikikaa wazi, mimi siulizagi bei, naulizaga sababu."

Chumba alichonipeleka siku hiyo kilikuwa Bweri, nyuma ya ukuta wa tofali na geti jekundu. Vyumba vinne vilikuwa vya wapangaji na nyumba kubwa mbele ilikuwa ya mama mwenye nyumba, mjane wa umri kama miaka hamsini na kitu. Chumba kilikuwa cha mwisho, na sebule yake, na choo cha kukaa kinachong'aa. Bei aliyonitajia ilikuwa karibu nusu ya bei ya mtaa. Nilibisha kwa mazoea tu, akapunguza tena. Ningekuwa na akili zangu timamu ningekumbuka maneno ya dalali, lakini kichwani nilikuwa namwona mama ameketi kwenye choo cha kukaa bila kushikwa na mtu. Nilisema nina mgeni wa wiki mbili, mama yangu mzazi. Akasema mgeni si neno.

Mkataba ulikuwa wa kununua stationari, karatasi mbili zilizochapwa, vipengele sita vya kawaida: usafi, kelele, umeme, taka, mifugo, notisi. Chini yake, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na kipengele cha saba. Kilisema: Mpangaji haruhusiwi kuweka msiba wala kuingiza maiti ndani ya kiwanja cha nyumba hii. Nilikisoma. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na hela ilikuwa tayari mezani. Nikasaini.

Msomaji wa mahali pengine huenda asione uzito wake. Kwetu mtu akifa hospitalini, hatolewi mochwari akapandishwa barabarani moja kwa moja. Anapitishwa nyumbani kwanza, pale alipokuwa akiishi, hata kama kaburi liko mbali. Makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa, anaingia ndani, watu wanamlilia palepale alipokuwa analala, ndipo anaanza safari ya kwenda kuzikwa. Asiyepitishwa nyumbani ni kama hakuwa na mahali. Mimi, mtoto wake wa pekee aliye hai, nilikuwa nimeweka saini kwamba mama yangu hatapitishwa.

Nilimhamishia Bweri pamoja na cherehani yangu. Siku ya kwanza aliingia chooni, akakaa humo muda mrefu, nikagonga kwa wasiwasi. Akasema yuko salama, anafurahia tu. Siku ya pili alikagua vigae kwa fimbo akasema vinafaa kuanikia dagaa. Siku ya tatu nilirudi kutoka sokoni nikamkuta kitandani amevaa miwani, Biblia imefunguliwa mapajani, na juu ya Biblia kuna mkataba. Nilikuwa nimeuficha humo humo, nikidhani yeye husoma Zaburi tu.

"Hii saini ni yako?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Umenisainia mapema sana, mwanangu."

Nililia. Nilimweleza Butiama, Kiabakari, mageti yote, yule mstaafu na kitasa chake. Nilimwambia ni maneno ya karatasi tu, na kwamba yeye anapona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta kwa khanga.

"Mimi siogopi kufa. Naogopa kutolewa mochwari nipakiwe kama gunia la dagaa. Nitoke kwenye nyumba. Hata ikiwa ya kupanga, nitoke kwenye nyumba."

Tangu siku hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani. Dawa zilikuwa zinamsaidia kidogo tu. Daktari alikuwa ameniambia pembeni kwamba tunazungumzia miezi. Nilichohitaji sasa hakikuwa chumba tu. Nilihitaji nyumba ambamo mama yangu angeruhusiwa kutoka kama mtu, na muda wa kuitafuta ulikuwa mfupi.

Mama aliniharibia mpango siku iliyofuata. Mwenye nyumba alipita kutusalimia, akamuuliza kwa adabu mgeni anaondoka lini. Mama alikuwa ameketi barazani na miguu yake juu ya ndoo iliyogeuzwa. Yeye hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu samaki aliyelala tangu jana, na hakuanza siku hiyo.

"Mimi si mgeni, mama," alisema. "Nimekuja kuumwa hapa kwako. Nikipona nitaondoka, nisipopona nitaondoka pia."

Uso wa yule mama ulibadilika. Aliniita pembeni ya tenki la maji. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga, maana mimi najua kujibu kelele. Alisema nimemdanganya ndani ya nyumba yake, na kwamba miezi sita ikiisha nitafute pengine. "Na likitokea la kutokea kabla, mkataba unaujua," alisema. "Mimi sitarudia yaliyonipata."

Nilirudi kwa dalali siku hiyo hiyo. Nilimwambia nitafutie popote, hata chumba cha tope, ila mwenye nyumba akubali kwa mdomo wake kwamba msiba ruksa. Alicheka kwa huzuni. Alisema katika miaka yake yote hajawahi kupewa sharti hilo; watu huuliza maji, hawaulizi msiba. Kisha ndiyo akaniambia kuhusu chumba chetu, jambo ambalo alipaswa kuniambia mwanzo, na nilimtukana kwa hilo mpaka koo likaniuma.

Kabla yetu alikuwepo dada mmoja kijana, ajira yake ya kwanza, kwao mbali. Aliugua ghafla akafia hospitalini. Wafanyakazi wenzake walileta jeneza mpaka kwenye geti jekundu, na geti halikufunguliwa. Walimuagia barabarani, juani, jeneza likiwa juu ya gari na bodaboda zikipita. Baada ya hapo mtaa wote ulijua. Alikuja mpangaji akakaa mwezi akasema usiku anasikia mtu akivuta viti. Alikuja mwingine akakaa wiki mbili. Bei ilishuka, chumba kikakaa wazi, ikashuka tena, nikaja mimi na mdomo wangu nikaishusha zaidi.

Sikukusudia kumwambia mama. Lakini alinisoma usoni nilipoingia, kama alivyokuwa akiwasoma wavuvi, akanyamaza. Nikasema kila kitu.

Aliuliza mambo mawili tu: yule binti alikuwa na umri gani, na nani alimlilia humu ndani. Nikamwambia hakuna aliyemlilia humu. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana chumba kinakataa watu. Kesho yake mchana alimwita mwenye nyumba. Nilitegemea ugomvi. Alimuomba akae naye barazani, akamuuliza, "Mama, mumeo walimlilia wapi?"

Nilikuwa ndani nimekaa kwenye cherehani, mlango uko wazi. Mwenye nyumba akaanza kusema, taratibu, kwamba walimlilia hapa hapa, kwenye sebule ile kubwa. Ndugu wa mume walikuja kutoka kijijini wakakaa kwenye mikeka, na siku ya tatu, kabla hata ya kuanua matanga, wakaanza kugawana nyumba wakiwa wamekalia mikeka ya msiba. Walisema mji ni wa ukoo, mwanamke arudi kwao. Walikaa miezi miwili. Walichoma milango miwili ya stoo kama kuni za msiba. Aliwatoa kwa hukumu ya mahakama, na siku geti lilipofungwa nyuma yao aliapa kwamba mikeka haitatandikwa tena kwenye kiwanja hiki, awe nani, afe nani.

"Yule binti sikumchukia," alisema. "Alikuwaga ananiletea mkate. Siku ile nilisimama nyuma ya geti hapo. Niliwasikia wanaimba. Mkono ulikataa kufungua."

Mama hakumwambia amekosea. Alisema, "Pole, mwanangu. Na mimi ni mjane." Halafu akaniita nitoe makochi nje.

Nilikuwa na kochi moja la watu wawili na viti vya plastiki vitatu. Nilivitoa vyote nikaviweka uani, watu wa vyumba vingine wakachungulia kujua nani kafa. Mama alitaka mkeka utandikwe chini, kwenye vigae, mahali ambapo mwenye nyumba alisema kitanda cha yule binti kilikuwa. Kumshusha chini kulituchukua muda kwa sababu magoti yalikuwa hayakunjiki. Alinyoosha miguu yake iliyovimba, akajifunga khanga kichwani, akaanza kulia.

Sijui kama nitaweza kueleza. Kwetu kilio cha mwanamke mkubwa si machozi tu, ni maneno, kwa lugha ya nyumbani, anaongea na marehemu mmoja kwa mmoja. Alimwita mtoto wa wenyewe. Alimwambia tunakaa kwenye chumba chake na hatukumuomba ruhusa. Alimwambia jua la siku ile lilikuwa kali na hakustahili jua. Aliwataja na watoto wake mwenyewe watatu aliowazika, kaka zangu, ambao sikumsikia akiwataja tangu nikiwa mdogo. Nilikaa chini karibu yake. Muuguzi wa chumba cha pili akaja akakaa. Akaja mama anayeuza mihogo. Mwisho nilimwona mwenye nyumba amesimama mlangoni, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, kisha akavua ndala akaingia, akakaa ukutani. Alilia kwa sauti kuliko sisi wote.

Ilikuwa mchana, saa tisa hivi. Jua lilipopungua mama akasema inatosha, akaomba uji. Makochi tukayarudisha ndani. Hakuna aliyezungumza lolote kuhusu mkataba, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilimeza maneno yangu.

Mama aliishi wiki kumi na moja baada ya siku hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anakuja jioni na samaki, wakati mwingine furu wadogo aliowachemsha bila mafuta, kwa sababu mama alikatazwa mafuta na chumvi na alikuwa akilalamika kwamba mimi napika kama natibu. Walikaa barazani wakizungumza mambo ya wajane, nikikaribia wananyamaza. Kuhusu kipengele cha saba, sikuuliza na sikuambiwa. Niliogopa kuuliza. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kumlilia mgeni mchana mmoja ni jambo moja, na kufungua geti kwa jeneza ni jambo jingine.

Alifia hospitalini, siku ya kliniki, asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya kupima presha. Aliegemea bega langu. Nilidhani amesinzia, maana usiku hakulala. Wakamchukua mbio na kitanda cha magurudumu, na baada ya muda daktari akatoka na uso ule ambao hauhitaji maneno.

Nilifanya kila kitu kama mtu aliyetumwa. Nilimtafuta dereva wa gari la kwenda Kibara, tukapatana aondoke kesho yake moja kwa moja kutoka mochwari. Sikubisha bei, lakini hiyo siihesabu, sikuwa najua nimetajiwa nini. Kisha nikampigia mwenye nyumba. Nilimwambia mama amefariki, na kwamba asiwe na wasiwasi, hatutamsumbua, nimesaini na ninakumbuka nilichosaini.

"Sawa," akasema, akakata.

Sawa! Nilisimama kwenye ukuta wa hospitali na simu mkononi. Sikuwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia saa ile. Nilimkumbuka alivyolia kwenye mkeka wetu nikasema machozi yake yalikuwa ya bure, alilia chumba kipate mpangaji. Nilipanda bodaboda kwenda Bweri kuchukua kitenge ambacho mama alikuwa amekichagua mwenyewe, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, maneno ambayo yangembakia mpaka na yeye azeeke.

Geti jekundu lilikuwa wazi, mbawa zote mbili, na kila bawa limezuiwa kwa tofali lisirudi. Uani, kwenye jua, kulikuwa na makochi. Hayakuwa yangu. Yalikuwa yale makubwa ya sebuleni kwake, ya kahawia, yenye vitambaa vya kufuma, ambayo wapangaji hatukuwahi kuyakalia. Meza ya kioo ilikuwa nje. Televisheni ilikuwa nje, imefunikwa shuka. Ndani ya nyumba kubwa wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na dalali, yule wa kofia ya jua, alikuwa anafunga turubai kwenye ukuta.

Mwenye nyumba alitoka amejifunga khanga kiunoni, mikono yake ina majivu.

"Umekaa sana hospitali," alisema. "Mama analala wapi leo?"

"Mochwari," nikasema. "Kesho tunaondoka."

"Kesho anakuja hapa kwanza. Kule kwenye chumba ni kadogo, watu hawataenea. Anakuja hapa kwangu."

Yale maneno yote niliyoyapanga sikuyaona tena. Alinishika mkono, akaniketisha kwenye mkeka.

Mama aliingia kwa geti jekundu saa tatu asubuhi. Alipitishwa kwanza chumbani kwetu, dakika chache, pale kitandani na pale kwenye choo alichokipenda, nikacheka katikati ya kilio na wanawake wakadhani nimechanganyikiwa. Kisha akalazwa kwenye sebule kubwa mpaka saa tano. Watu walikuja ambao sikuwajua, watu wa mtaa, na wengine nilihisi wamekuja kuona kama kweli geti limefunguliwa. Katekista aliomba. Tulipotoka, mwenye nyumba alipanda kwenye gari la jeneza bila kuulizwa na mtu, akakaa karibu na mama mpaka Bunda na mpaka Kibara, na tulimzika mama pembeni ya baba, ziwa likionekana.

Nilirudi Bweri kwa sababu cherehani yangu ilikuwa kule. Nilishona. Wiki zikaenda. Siku moja dalali alipita akasimama mlangoni.

"Dada, mna chumba wazi hapa? Watu wananiulizaga hapa tu siku hizi. Mmoja nilimpeleka kwenye nyumba mpya, vigae, jiko la kisasa, kila kitu, akakataa. Akasema kwa yule mama, hata ukifa, unafia kwako."

Miezi sita ilipoisha, mwenye nyumba alikuja na mkataba mpya. Alikaa kwenye kochi langu, akazungusha kalamu mkononi, hakuniangalia. Alisema anaona aibu, lakini bei ya zamani ilikuwa ya chumba kilichokataliwa, na sasa kimerudi kwenye bei ya mtaa, na kidogo juu yake. Akaitaja. Ilikuwa kubwa. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa mazoea.

Nilisoma karatasi kwanza. Kipengele cha saba kilikuwa bado kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko ule ule. Kilisema: Mpangaji akifiwa amjulishe mwenye nyumba mapema, ili nafasi iandaliwe.

Nikafunga mdomo. Nilinyamaza kama mama alivyokuwa akinyamaza mwaloni, ila mimi sikumsubiri ashushe. Niliingia ndani nikaleta hela yote. Bei ile aliipandisha mama.